Aksida Niliyoipanga

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kasongo. Joto. Hasira.

Leo nimesikia kwa masikio yangu: mzee Faradji, muuza vitenge, hataki mkwe asiyejua Kiingereza. Ana sababu. Mtu wake wa Kampala humwandikia kwa Kiingereza tu, na mwezi uliopita mzee alijibu "yes" mahali pasipofaa, akaletewa miavuli badala ya vitenge. Duka limejaa miavuli mpaka mlangoni. Sasa mzee anatafuta mwenye lugha, na binti yake Chadia anatafuta mume. Huyo ni mimi. Mwalimu Abdoul, darasa la jioni la Kiingereza, kwenye ghala la mjomba.

Kikwazo ni Zuberi. Kakaa Kampala mwaka mmoja akiosha magari, karudi anajiita mwalimu naye.

Nimefungua kitabu changu cha sarufi. Ukurasa wa vielezi vya mambo yaliyofanyika bila kukusudia: accidentally, inadvertently, involuntarily, unwittingly. Utajiri gani huu! Sisi tuna "bila kusudi", basi, tumemaliza. Wenzetu wana kielezi kwa kila aina ya kosa. Ukurasa unaofuata, wa kueleza kipi kinatumika wapi, umeliwa na panya. Haidhuru.

Mpango: maneno haya huwezi kuyasema hivi hivi, lazima kwanza uwe umekosea. Basi nitakosea. Kosa dogo, la heshima, mbele ya mzee, kisha niombe radhi kwa Kiingereza mpaka ashike kidevu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi ya "inadvertently" mbele ya kioo. Ulimi unagoma katikati. Mama akapita, akasimama, akauliza: "Abdoul, meno inakuuma?" Nikamjibu kwamba ni Kiingereza. Akasema hata kama, nisukutue na maji ya chumvi. Nyumba hii haina mtu wa kunielewa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango ulikuwa kuangusha kikombe cha maji kwa kiwiko. Maji tu. Nimefika dukani, nimesimama kando ya meza ya kukatia vitambaa, nimezungumza habari za mvua, nimesukuma bila kutazama. Kumbe si kikombe. Ni kopo la mafuta ya mawese ambalo mzee kaletewa kutoka Lusangi. Yote yakaenda kwenye jora la kitambaa cheupe, la watu wa harusi.

Sikutetereka. Nilisimama wima nikatamka: "Accidentally."

Mzee akaruka. "Aksida? Wapi? Nani amekufa?" Nikajaribu kumweleza, lakini alishatoka nje anapiga kelele, aksida, aksida, na kabla hajafika barabarani uvumi ulishasema pikipiki mbili zimegongana. Kwetu aksida ni ajali ya barabarani, na mji huu ukiisikia hauulizi mara mbili. Soko zima likakimbilia njia ya Kabambare kutafuta majeruhi. Wakarudi wanahema, hawakuona hata tairi, na hasira yote ikaniangukia mimi.

Wakati huo Zuberi, ambaye hakuitwa na mtu, alikuwa ndani ya duka. Alisema "Pole, baba," akaomba unga wa muhogo, akaunyunyiza juu ya mafuta yaliyomwagika, akaanza kufagia. Pole. Neno la silabi mbili. Na mzee kamshukuru.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemvizia Chadia akitoka shuleni anakofundisha. Safari hii nimechagua "involuntarily", maana ni ndugu kabisa wa Kifaransa "involontairement", haliwezi kunisaliti. Nikamwambia nimeharibu kitambaa cha baba yake involuntarily. Kisha, moyo ukiwa umepanda, nikaongeza kwamba nampenda involuntarily.

Akaniuliza: "Nani anakulazimisha?"

Kumbe amesoma Kiingereza Bujumbura, ila baba yake hamwachii barua za duka. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, kwamba neno hilo ni la mtu anayesukumwa kwa nguvu, au la kwikwi. Yaani nimemwambia binti wa watu nampenda kama kwikwi. Hakunicheka. Aliagana nami vizuri tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Sombe ya Mama, kisamvu chake kitamu, leo sikuigusa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango bora kuliko yote. Msikitini viatu hubaki mlangoni, na kila Ijumaa kuna watu wanaovichanganya. Nitavaa vya mzee Faradji, nimwachie vyangu, kisha alasiri nivirudishe kwake. Nitakaribishwa ndani. Nitasema "inadvertently" nikiwa nimekaa kitini, kwa utulivu. Chadia ataleta chai.

Viatu vyenyewe navijua: vyeusi, kisigino kimelika upande. Swala ikaisha, watu wakasongamana, nikavaa, nikaondoka mbio.

Baadaye nikabisha hodi kwake. Nikavua viatu, nikaviinua kwa mikono miwili, nikafungua kinywa. Mzee akatoka amevaa viatu vyake. Nyuma yake, kwenye kiti nilichokiwazia, kakaa Zuberi, miguuni kavaa sandali za mzee, mkononi kikombe cha chai. Viatu nilivyoshika ni vya Zuberi.

Mzee alimkuta mlangoni pa msikiti hana cha kuvaa, akamhurumia, akaja naye nyumbani. Wamekaa tangu adhuhuri. Wameshamjibu mtu wa Kampala, na miavuli inarudishwa.

Hii ndiyo mara ya kwanza wiki nzima nimekosea kweli, na neno likanitoka kichwani lote. Nikasema, "Si kusudi." Hakuna aliyeniamini. Nikarudi msikitini kufuata viatu vyangu, havipo. Nimefika nyumbani peku.

Jumamosi, 11 Oktoba

Posa ya Zuberi imekubaliwa. Chadia mwenyewe kaulizwa, kasema ndiyo.

Zuberi kaja kunishukuru. Anashukuru kweli, hana ubaya moyoni, na hilo ndilo silivumilii. Anasema bila mimi asingeingia nyumba ile; nimemsaidia "unwittingly". Nilikuwa nimeliweka neno hilo kwa ajili ya fungate yangu!

Nilimpenda Chadia. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Kwa Kiswahili, na kwa kusudi.

Jumapili, 12 Oktoba

Mama kasema nitulie, nifundishe wanafunzi wangu, niachane na kitabu kilicholiwa na panya. Kashauri vizuri. Nimemwitikia.

Ila karamu ya Zuberi ni Ijumaa ijayo, na atakayesimamia mapishi ni dada yake Asma, kutoka Nyangwe. Hajaolewa. Inasemekana anapenda watu wenye lugha. Na chini kabisa ya ule ukurasa kuna kielezi ambacho hakuna mtu aliyekigusa: unintentionally. Silabi sita! Zuberi hakiwezi.

Nimeshapita uani kwao kutazama pa kusimama. Ni kando ya sufuria kubwa ya pilau, kiwiko cha kushoto kikielekea mfuniko. Nitaangusha mfuniko tu. Aksida itakuwa saa saba, baada ya dua.