Mvua za Ain Hamra

Jumapili, 2 Novemba

Maabara ya jiografia ya maumbile. Mara ya tatu! Niliosoma nao mwaka ule wa kwanza sasa ni walimu, wana wake na vitambi. Mimi bado nachonga penseli.

Mwalimu wetu, Ustadha Zeghdoud, kagawa karatasi ya masharti, mbele na nyuma. Mlango unafungwa saa mbili kamili. Jaribio la dakika kumi kila tukiingia. Penseli, si kalamu. Rula, kifutio, penseli za rangi, kila mtu na zake, marufuku kuazimana. Ruhusa ya kukosa ni mara moja tu. Ziara moja ya nje, lazima. Na kila mmoja achague kituo chake, mvua ipimwe kila asubuhi kwa wiki mbili, ijazwe kwenye jedwali. Atakayebuni tarakimu, sifuri. Alipofika hapo akanitazama mimi. Eti kwa nini? Mwaka juzi joto langu la Januari lilifika nyuzi arobaini na moja. Nukta iliteleza tu.

Nikianguka tena, idara inanifuta. Mjomba ananisubiri kwenye karakana yake ya magodoro. Amekwisha kunitengea sindano.

Lakini nimepangiwa meza moja na Selsabil! Binti mrefu, mpole, anaandika kana kwamba karatasi inaumia. Kaniambia kwao ni Ain Hamra. Babu yake analima shayiri huko. Baba yake na huyo babu waligombana miaka mitatu iliyopita, familia ikahamia hapa Constantine, na tangu siku ile hajakanyaga kwao. Akageukia dirishani, upande wa kusini. Akasema angependa tu kujua kama huko mvua imenyesha.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kituo changu kiko Ain Hamra. Kwamba nina rafiki posta ya huko, atanipimia.

Sijawahi kufika Ain Hamra. Sina rafiki posta yoyote.

Jumatano, 5 Novemba

Nimechelewa dakika nne. Mlango umefungwa. Nikaokota jiwe uani, nikabisha, nikasema nilikuwa natafuta sampuli. Ustadha akauliza ni mwamba wa aina gani. Itale, nikajibu, tena kwa sauti. Yazid wa meza ya mbele, mwenye penseli za rangi kumi na mbili zimepangwa kama askari, akaligeuza jiwe.

“Kaka, itale yako ina msumari.”

Zege. Darasa zima likaangua kicheko. Hata hivyo niliruhusiwa kuingia, kwa hiyo nahesabu nimeshinda.

Kwenye jedwali nilikuwa nimeandika sifuri siku zote tatu. Nani atabishana na sifuri? Selsabil akaisoma, uso ukazimika. Akasema babu yake hapandi mpaka mvua ya kwanza ishuke, na mwaka huu imechelewa mno. Mzee ana miaka themanini. Ataisubiri mpaka lini?

Sikuweza kustahimili. Nikasema hesabu ya leo ndiyo kwanza inaingia, rafiki yangu wa posta ananiandikia sasa hivi. Nikachungulia simu iliyozimika. Nikaandika: milimita nne.

Akatabasamu. Mungu wangu, alitabasamu!

Jumapili, 9 Novemba

Ain Hamra imepata milimita thelathini na moja. Sikukusudia zifike huko. Kila nikikumbuka lile tabasamu, mkono unaongeza.

Leo kaniletea vipande vya mkate wa semolina wenye tende ndani, kaoka mwenyewe. Akanisimulia mvua ya kwanza ya kwao. Vumbi linavyonukia. Babu anavyotoka bila kofia, anasimama katikati ya shamba kama mtu aliyepotea, analowa na kucheka peke yake. Mbwa wanavyokimbia huku na huko kama walevi.

Mimi nimezaliwa ghorofa ya nne, juu ya kituo cha mabasi. Harufu hiyo siijui. Lakini nimerudi nyumbani na kuikosa, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake. Nimekaa dirishani hadi chai ikapoa. Mama kaniuliza nani kafa.

Yazid anasema kituo chake kiko kilomita kumi tu kutoka Ain Hamra na ni kikavu kama mfupa. “Njia ya mwongo fupi, kaka.” Nikamwambia asome habari za mvua zinazonyesha mahali pamoja tu, ukurasa wa sabini na sita. Akafungua. Ukurasa wa sabini na sita ni wa barafu.

Jumatano, 12 Novemba

Niliandika ishirini na mbili kwa siku moja. Nilijisahau.

Ustadha kalishika jedwali langu kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona hivyo. Akatangaza kwamba ziara ya Jumamosi haitakuwa tena ya korongo letu hapa mjini. Tunakwenda Ain Hamra! Kuona mtiririko na mmomonyoko ungali mbichi. Kila mtu aje na buti za mpira.

Nikanyoosha mkono. Nikasema huenda barabara imekatika.

“Ndiyo vizuri, Badis! Tutaipima!”

Selsabil alishika ukingo wa meza. Baadaye akaninong'oneza kwamba baba yake hawezi kumkatalia safari hii. Ni lazima, imeandikwa kwenye masharti. Ameinukuu ile sentensi kwa mkono wake, akaipigia mstari, amuwekee kando ya kahawa.

Pale ndipo nilipaswa kusema. Mdomo nilikuwa nao. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeomba mvua. Kwa moyo, kwa machozi kidogo. Mbingu, kimya.

Mpango wa pili: kupeleka maji mwenyewe. Nimefanya hesabu. Milimita hamsini na tatu juu ya hekta moja ni lita laki tano na elfu thelathini. Nimerudia mara mbili. Ni hesabu ya kwanza kuipata sawa katika kozi hii nzima.

Mama ana madumu mawili.

Jumamosi, 15 Novemba

Vumbi. Basi lilisimama, vumbi likaendelea mbele bila sisi.

Tukashuka watu ishirini na tatu, buti hadi magotini. Ustadha ana mwavuli. Akatoka mzee mmoja kwenye nyumba ya mawe, Haji Tahar, yule babu mwenyewe, akatukagua kuanzia miguuni. Ustadha akamwamkia kwa adabu, akamuuliza mafuriko yalipita upande gani.

“Mafuriko gani, binti yangu? Hata umande haujapita hapa tangu Ramadhani.”

Jozi ishirini na mbili za buti zikanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imekwisha kupasuka.

Ndipo Selsabil akashuka, wa mwisho. Mzee akasogea hatua moja. Akakaza macho.

“We nani wewe?”

“Mimi, Babu.”

Mzee akageuka, akaingia ndani, mlango ukabaki wazi. Selsabil alisimama pale mikono ikining'inia. Nilijua nimemleta kwenye aibu, tena mbele ya watu. Kisha mzee akarudi, mkate kwapani, jagi la maziwa ya mgando mkononi.

“Umekonda. Huko mjini hawali?”

Akalia kwa sauti, binti mpole yule. Mzee akamshika kichwa kama anayepima tikitimaji. Hata Yazid alijifanya anasoma dira.

Tulipokwisha kula, mzee akauliza ni nani aliyesema mvua imenyesha. Selsabil akaninyooshea kidole bila kunitazama.

“Milimita ngapi?”

Nikasema hamsini na tatu.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla, akatazama juu. “Hizo zingetosha, mwanangu,” akasema. “Wallahi, hizo zingetosha.”

Selsabil akabaki kwa babu yake. Mlangoni pa basi akaniambia siku kumi amekuwa akilala vizuri kwa mvua yangu. Hakufoka. Bora angefoka.

Jumapili, 16 Novemba

Sifuri. Ustadha kaandika kwa kalamu nyekundu, yeye anaruhusiwa kalamu.

Kisha akavua miwani. Akasema amefundisha miaka kumi na tisa na hilo ndilo jedwali pekee alilolisoma moyo ukimdunda, ndiyo maana ana hasira mara mbili. Ananipa nafasi moja. Nipime upya wiki mbili, juu ya paa la kwetu, kwa macho yangu. Tarakimu moja ya uongo, na mjomba anipokee.

Selsabil kahamia kundi la Jumanne. Kiti chake kakikalia Yazid, na askari wake kumi na wawili. Ananukia kifutio.

Alhamisi, 20 Novemba

Siku ya nne juu ya paa. Kopo, rula, mimi, shuka za Mama. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Zote za kweli. Hakuna aliyekuja kuzisoma.

Natazama kusini kuliko ninavyotazama kopo. Kutoka hapa huoni ila madishi ya televisheni na milima miwili ya kijivu.

Asubuhi hii ujumbe ukaingia kwenye simu. Selsabil! Yuko tena Ain Hamra. Baba yake ndiye aliyempeleka. Wazee wawili hawajasemezana bado, ila jana wamekunywa kahawa ya birika moja. Babu amelima shamba lote, mbegu ziko mlangoni, kila asubuhi anatoka kutazama anga na kurudi ndani. Selsabil ameuliza kama nimesikia lolote la mvua. Chini yake akaandika: “Badis, safari hii niambie ukweli.”

Nimetazama juu. Buluu, safi, kama sahani iliyosuguliwa. Hata wingu la kusingizia hakuna.

Nimeufikiria ukweli dakika nzima.

Nimemjibu: Jumatatu ijayo, alfajiri. Milimita kumi na nane.