Filimbi ya Ndani ya Simu

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya avenue nzima, mtaa wetu wote. Mchana kweupe, na kaptula.

Leo hapa Butembo ni ville morte. Maduka yamefungwa, pikipiki hazitembei, watu wanadai usalama. Mimi, mwalimu wa hesabu na mkubwa wa nyumba kumi, mwenye kukabidhiwa filimbi ya hatari, nikaona nicheze mchezo wangu wa mapanga na mazimwi kwenye simu.

Humo kila mtu huchagua shujaa wa upanga au mchawi wa moto. Mimi nikamrudia Mpiga Filimbi. Hakuna anayemtaka! Hana silaha, miguu miembamba, kazi yake kupuliza ili wenzake waje kumwokoa. Mwaka jana nilimwacha kwa dharau. Leo nikamwonea huruma (tunafanana miguu).

Nikaunganisha simu na bafle, ile spika kubwa ya kwaya, iliyo kwangu kwa matengenezo. Kosa hilo!

Zimwi likatoka pangoni. Nikabonyeza. Priiii! Likarudi nyuma. Kumbe huyu mtu ana nguvu! Priiii! Priiii! Nikabonyeza kama mwendawazimu.

Mara nikasikia sufuria ikigongwa kwa jirani. Kisha nyingine. Kisha avenue yote! Kwetu hiyo ina maana moja: wenye silaha wameingia. Nikatupa simu, nikanyakua filimbi halisi, nikatoka mbio nikipuliza hadi mashavu yakaniuma. (Ndiyo. Niliongeza hofu.)

Vijana wakaja na mapanga. Askari wawili wakaja wakihema.

"Bameingia wapi?" akauliza mmoja.

"Sijue, chef! Mi nimesikia masufuria!"

Mama Masika, jirani yangu, akashusha mwiko wake. "Sisi tulisikia filimbi. Na filimbi iko kwako, mwalimu."

Nikaanza kuelewa. Nikaomba ardhi ipasuke, ikakataa.

Ndani ya nyumba, mchezo ukiendelea wenyewe, bafle ikalia: Priiii!

Askari akaingia, akatoka na simu yangu, akimwonyesha Mpiga Filimbi kwenye kioo. "Mwalimu, ni huyu ndiye anaita jeshi?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama Masika hakucheka.

"Na siku ya kweli," akasema, "mutu gani atatoka?"

Hapo niliona haya hasa, si ya kaptula. Filimbi hiyo tu ndiyo tuliyo nayo. Wakianza kuidharau, tumekwisha. Nikaivua shingoni, nikampa kwa mikono miwili. Akaifuta kwa kitenge, mara mbili, kama imetoka chooni.

Nikageuka kudai simu yangu. Askari wameinama juu yake.

"Lakini anakufa huyu! Puliza!"

"Ngoja, chef, ngoja!"

Wameirudisha saa kumi, betri imekufa, Mpiga Filimbi kapanda ngazi tatu.

Naomba msicheke. Mkishindwa, chekeni polepole: Mama Masika ndiye mwenye filimbi ya hatari sasa, na anakaa ukuta mmoja na mimi.