Kishindo cha Ghorofa ya Pili

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Kurugenzi ya Mwendo na Ukakamavu wa Watumishi," alisema Bwana Asiamah-Budu, kasimama mlangoni kwake ghorofa ya pili, kaptura ya michezo kiunoni na tai shingoni, "natangaza rasmi kwamba humu ndani hakutwangwi fufu."

"Basi kinachodunda ni nini, moyo wako?" Mama Oforiwaa wa ghorofa ya kwanza alikuwa ameshapanda ngazi nusu, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine kiunoni.

"Ni mashine ya kukimbilia."

"Inakimbilia wapi?"

"Haiendi popote, mama. Mtu anapanda juu yake, anakimbia, na yeye pia haendi popote."

"Hapo nimeamini ni ya serikali." Mama Oforiwaa akapanda ngazi mbili zaidi. "Lakini nijibu hili. Jana saa kumi na moja umeme ulikatika jengo zima. Feni yangu ilisimama, redio yangu ikanyamaza. Wewe ukaendelea kudunda. Mashine yako inatumia kuni?"

Bwana Asiamah-Budu hakupepesa jicho. "Hiyo inaitwa akiba ya mwendo. Kifungu cha kumi na moja. Mashine ikishashika kasi haiwezi kusimama ghafla eti kwa sababu umeme haupo. Ni kama wizara."

"Mwanangu, mimi nimeshika mchi kabla sijaota meno ya pili. Muhogo una sauti yake, kavu, ko, ko, ko. Ndizi ikiingia kinuni mchi unaanza kunata: po... po... po. Leo ndizi imeingia saa kumi na moja na robo. Kataa!"

"Hapo nilibadilisha kasi."

"Alaa! Na kasi nayo inamenywa?" Milango mitatu ilikuwa wazi sasa, na katika kila mlango mtu anajifanya anafagia. Mama Oforiwaa akageuka ili wafagiaji wote wasikie. "Sijaja kuomba chakula. Ninacho. Lakini katika jengo hili mtu akitwanga anasema 'karibu', mwenzake anajibu 'mkono wangu umo', basi, yamekwisha, kila mtu anakula kwake. Huyu bwana mwezi mzima ananidundia kichwani, shanga zangu za kuuza zinarukaruka kwenye trei kama panzi, na hajanipa hata nafasi ya kukataa!"

Wafagiaji wakaguna. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kishindo.

"Mama, hayo tuyaweke kando," alisema Bwana Asiamah-Budu, akitoa karatasi kwenye mfuko wa kaptura. "Kuna fomu hapa ya Ushuhuda wa Kishindo. Wewe unayeishi chini yangu unathibitisha tu kwamba umesikia hatua za afisa akikimbia siku thelathini mfululizo. Tia saini hapa."

Mama Oforiwaa aliisoma fomu mpaka mwisho, akamrudishia.

"Kamati inakuja Ijumaa, si ndiyo? Nitawaambia kwa mdomo nilichosikia. Muhogo, na ndizi."

Akashuka zake.

Inafaa ieleweke kwamba Bwana Asiamah-Budu hakuwa mwongo. Alikuwa Kaimu Mkurugenzi, na amekaimu kwa miaka sita. Huko Accra, katika chumba chenye zulia, kilimsubiri kiti cha ngozi kinachozunguka, bado kimevikwa nailoni yake ya dukani. Kukikalia lilibaki jambo moja tu: athibitishe kwa vitendo mwongozo alioutunga yeye mwenyewe.

Mwongozo huo uliitwa *Kufunga, Kutumia na Kutunza Mashine ya Kukimbilia Nyumbani kwa Usalama: Kwa Watumishi wa Daraja la Juu*. Ulikuwa na kurasa sitini na nne, na ulisifiwa kwa ukamilifu wake, hasa ukizingatia kwamba mtunzi alikuwa bado hajaiona mashine. Ulimtaka afisa akimbie kilomita mia mbili kwa siku thelathini, nyumbani kwake, kwa kuwa barabarani angeweza kuonekana. Ulimtaka pia, kwa muda wote huo, ajiepushe na vyakula vilivyotwangwa, vinavyotwangwa, au vinavyotarajiwa kutwangwa.

Mashine ilipofika kwake Koforidua katika boksi refu kama jeneza la mtu mrefu, Bwana Asiamah-Budu aliifunga mwenyewe kwa alasiri mbili. Zikabaki nati nne. Mwongozo ulikuwa umeliona hilo mapema: kifungu cha tatu kinaelekeza nati zinazobaki zitiwe kwenye bahasha na kuandikwa "Ziada". Akazitia, akaandika. Mguu mmoja wa mashine ukawa mfupi, akauwekea nakala ya mwongozo chini yake, na mashine ikatulia. Kwa mara ya kwanza kitabu kile kikawa msaada kwa mtu.

Siku ya kwanza alikimbia kwa dakika nne. Siku ya pili alisimama kando akaitazama mashine, naye akaona jambo ambalo wakubwa wengi hulichelewa: mkanda unazunguka vizuri tu bila mtu juu yake, na kihesabu kinahesabu. Kilomita haikuuliza ni ya nani.

Tatizo likawa sauti. Mashine ikizunguka yenyewe inanguruma tu kama friji, na fomu inataka kishindo cha hatua.

"Unataka kishindo?" mkewe, Adwoa Konamah, aliuliza. "Kishindo ninacho."

Akakitoa kinu kwenye roshani ya jikoni, kile kinu chake kipana kama beseni, akakiweka nyuma ya pazia, akaanza. Mchi ulikuwa mrefu kumzidi, na Konamah aliupigisha kwa mkono mmoja huku mwingine ukigeuza tonge. Ko, ko, ko. Mtu wa chini angeapa kwamba afisa mzito anakimbia. Na kwa kuwa kutupa chakula ni uharibifu wa rasilimali, Bwana Asiamah-Budu aliimaliza fufu ile kila jioni, chumbani, mlango umefungwa, katika kutekeleza majukumu. Kufikia siku ya ishirini na tano mashine ilikuwa imekimbia kilomita mia moja sabini, naye alikuwa ameongezeka kilo sita.

Matunzo hayakusahauliwa. Kifungu cha tisa kinasema mkanda upakwe chini "mafuta yanayofaa". Konamah alipouliza yapi, mumewe alimjibu kwamba neno "yanayofaa" liliwekwa makusudi ili kutofunga mikono ya mtekelezaji. Konamah akapaka mawese.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya kamati, Bwana Asiamah-Budu alitoa agizo. "Kesho hakuna kutwanga. Wataona kihesabu, watasaini, wataondoka."

"Watu watoke Accra," Konamah alisema, "waingie kwangu, watoke na njaa? Wakaseme nini huko? Kwamba mke wa Asiamah-Budu aliwapa maji?"

"Konamah, ni agizo."

"Nimesikia, bwana mkubwa."

Kusikia alikuwa amesikia.

Kamati iliyotakiwa kufika saa tatu asubuhi ilifika saa saba mchana, ikiwa imekwama njiani na haijatia kitu tumboni tangu alfajiri. Ilikuwa na watu wawili: Daktari Sarpomaa, mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya kuzimia taa, na Bwana Teye, mjumbe, aliyebeba jalada na kunusanusa.

"Samahani," alisema Bwana Teye, akiinamia mashine, "mbona inanukia supu?"

"Ni harufu ya upya," alisema Bwana Asiamah-Budu.

"Na hiki kitabu chini ya mguu?"

"Mwongozo, ndugu mjumbe. Unapaswa kuwa karibu na mashine wakati wote. Kifungu cha kwanza."

Bwana Teye aliandika kwamba mwongozo upo mahali pake. Daktari Sarpomaa alisoma kihesabu: kilomita mia mbili na kumi na mbili. Aliutazama mwili wa Kaimu Mkurugenzi, akakitazama kihesabu, akarudi mwilini.

"Zote umekimbia wewe?"

"Zote zimekimbiwa, mheshimiwa."

"Shahidi wa kishindo yuko wapi?"

"Nipo!" Mama Oforiwaa alikuwa mlangoni, kitambaa kipya kichwani, shanga zake kubwa za soko la Alhamisi shingoni. Nyuma yake wafagiaji. "Nimekuja kusema nilichosikia."

Hapo Bwana Asiamah-Budu alifanya lile ambalo kiongozi hulifanya ukweli ukiwa umeshika kitasa cha mlango: aliahidi maonyesho. "Kabla ya maneno, waheshimiwa, vitendo!" Akapanda mashine, akarekebisha tai, akabonyeza kitufe.

Sasa, kifungu cha sita cha mwongozo kinasema afisa aanze na kasi ya chini kabisa. Lakini Konamah asubuhi ile, akiwa na wageni wa kupikia, alitaka kilomita zilizobaki ziishe upesi, akaiacha kasi kwenye kumi na mbili. Kifungu cha tano kinasema kibanio cha usalama kiwe kimebanwa kwenye nguo ya anayekimbia, ili akianguka mashine izimike. Kibanio kilikuwa kimebanwa kwenye mgongo wa kiti, mahali pake pa siku zote. Na kifungu cha nne kinasema nyuma ya mashine pawe wazi mita mbili. Palikuwa na pazia.

Bwana Asiamah-Budu alikimbia hatua tatu. Ya nne mkanda uliikimbia peke yake. Mawese yakafanya kazi yake, na Kaimu Mkurugenzi akaondoka kinyumenyume, mikono mbele kama anayeaga msafara, akapita kwenye pazia na pazia likaondoka naye.

Po.

"Hiyo ndiyo ndizi," alisema Mama Oforiwaa.

Pazia lilipoanguka, wote wakaona. Kando, kwenye bakuli kubwa la udongo, matonge manne ya fufu yaling'aa yamepangwa vizuri, sufuria ya supu ya mawese na nyama ya mbuzi ikifuka pembeni. La tano, la mwenye nyumba, lilikuwa bado kinuni. Na mwenye nyumba alikuwa amelikalia. Kiti alichokitafuta miaka sita hakingeweza kumkaa barabara kuliko kile kinu.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama mashine.

Mashine haikuwa na habari kwamba mtu ameanguka. Iliendelea kunguruma kama ilivyozoea, mkanda ukizunguka mtupu, kihesabu kikihesabu. Mia mbili kumi na mbili na nukta moja. Nukta mbili. Nukta tatu.

"Ndugu mjumbe," alisema Daktari Sarpomaa polepole, "andika."

"Niandike nani anakimbia, mheshimiwa?"

"Akiba ya mwendo," alisema Mama Oforiwaa. "Kifungu cha kumi na moja."

Daktari Sarpomaa aliuzima umeme, akamgeukia Konamah. Akamshika kifundo cha mkono bila kuuliza, akasikiliza mapigo ya moyo, macho kwenye saa. Kisha akamtazama mikono, ile mikono ya mchi.

"Mama, wewe umetwanga siku zote thelathini?"

"Isipokuwa Jumapili mbili, mheshimiwa. Tulikuwa na misiba."

"Ndugu mjumbe, andika: katika nyumba hii amepatikana mtu mmoja aliyefanya mazoezi. Jina, Adwoa Konamah. Hali yake, bora. Yule aliye kinuni, arudie."

"Arudie... zote?" ilisikika sauti kutoka kinuni.

"Kifungu cha kumi na nne, uliandika mwenyewe: panapotokea shaka, zoezi lirudiwe mbele ya kamati. Leo tutaanza na kumi." Akamnyanyua, akambana kibanio kwenye kaptura kwa mkono wake mwenyewe, akaweka kasi tatu. "Mikono kwenye vishikio. Yote miwili, muda wote. Hicho ni cha saba."

Bwana Asiamah-Budu akaanza kutembea, kipande cha fufu kimemng'ang'ania nyuma kama mhuri.

"Waheshimiwa," Konamah alisema, akiweka beseni la maji ya kunawa, "mmetoka mbali. Karibuni."

Bwana Teye alimtazama mwenyekiti wake kwa jicho la mtoto kanisani. "Mheshimiwa, mwongozo unakataza vilivyotwangwa."

"Unawakataza maafisa walio kwenye majaribio," alisema Daktari Sarpomaa, akikunja mikono ya blauzi. "Wewe uko kwenye majaribio?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi nawa."

Konamah akaenda mlangoni, akamshika Mama Oforiwaa mkono. "Mama yangu, mwezi mzima nakudundia na sijakuita. Nilikatazwa. Njoo, tonge lako lipo."

"Mkono wangu umo," alijibu Mama Oforiwaa kwa adabu zote, na safari hii akaingia kweli, akanawa, akakaa. La nne wakagawana wafagiaji, wamekuja na ufagio wao.

Fufu ile ilikuwa laini. Walikula kimya, kimya cha watu wanaoheshimu kazi ya mtu, na nyuma yao mkanda ukilia taratibu na viatu vikidunda. Mama Oforiwaa alimeza, akalamba kidole, akakumbuka jambo. Yeye si mtu wa kula mbele ya jirani bila kusema neno. Akageuka.

"Bwana Mkurugenzi!" akaita. "Tunakula. Karibu!"

Bwana Asiamah-Budu alilitazama bakuli. Alivitazama vishikio, na mikono yake miwili iliyovishika kwa mujibu wa kifungu cha saba. Jasho lilimshuka puani hadi kwenye tai, kilomita ya kwanza ikiwa haijatimia.

"Mkono wangu umo," akasema.