Bibi Haruhusiwi Kupakata

Bogotá, Jumanne

Kwa Bi. Pruitt,
Mkurugenzi wa Shirika la Kuasili Watoto,
Minnesota.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mikono yako yote miwili ikiwa huru kufanya ipendavyo. Mimi ni Arlene Lindquist wa Duluth, mama yake Kirsten, yule mliyemsaidia kuja Kolombia kumuasili Duván. Mtoto ana mwaka na ushei na mashavu kama maandazi. Tunakaa naye hapa katika nyumba ya kupanga tukimsubiri hakimu atie sahihi, ndipo turudi naye kwetu. Muda huu, mnasema, ni wa mama na mwana kuzoeana. Kwa hilo sina neno. Ugomvi wangu ni ile kanuni mliyompa Kirsten, kwamba hadi mtoto amjue mama yake, asipakatwe, asilishwe wala asibembelezwe na mtu mwingine yeyote. Bibi, kwa maelezo yenu, ni mtu mwingine yeyote.

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nimelea watoto wanne bila kanuni. Walipakatwa na mashangazi, majirani na kanisa zima la Walutheri, pamoja na mchungaji aliyekuwa na mafua. Wote wanajua fika kuwa mama yao ni mimi. Hunipigia simu kila wanapotaka kitu.

2. Kazi nilizoachiwa ni kuosha chupa, kukunja nguo na kupika. Nimekuja hadi mji huu wa mlimani, ambako kupanda ngazi ni kuomba pumzi, ili niwe yaya asiye na mtoto.

3. Juzi nilikatazwa hata kutazama. Duván alinichekea, nami nikamchekea.

"Mama! Geuza uso!" Kirsten akafoka.

"Nimemtazama tu, jamani."

"Umemtazama kibibi!"

Mheshimiwa, mimi ni bibi. Nimtazame kiaskari? Tangu siku hiyo mtoto akicheka nageukia ukuta, na ukuta wa sebule hii sasa naujua kuliko ninavyomjua mjukuu wangu.

4. Doña Nubia, mwenye nyumba, hutuletea supu ya maziwa na mayai kila asubuhi. Alimuuliza Kirsten nina ugonjwa gani hata simshiki mtoto. Alipoelezwa kanuni yenu alijipiga ishara ya msalaba. "Maskini mama wa watu! Bibi asiyebeba mjukuu si angebaki kwao tu?" Siku hizi ananiongezea bakuli la pili. Mheshimiwa, ninanenepa kwa kuonewa huruma.

5. Mtoto anaruhusiwa kukumbatia kochi. Anaruhusiwa kukumbatia mguu wa meza, ndoo, na paka wa Doña Nubia, ambaye hajawahi kuosha chupa hata moja. Kwa hiyo naomba shirika linitambue rasmi kuwa ni kiti. Nitakaa kimya, sitabembeleza, na akinipanda ni shauri lake.

6. Hilo likishindikana, naomba niasiliwe mimi. Nimesoma maelekezo yenu: anayeasiliwa lazima apakatwe, alishwe na aimbiwe. Nina miaka sabini na moja, meno yangu mengi bado yapo, na sisumbui usiku. Kirsten atatuweka mmoja kila goti. Hapo sitakuwa nimempakata mtoto, tutakuwa majirani.

7. Tena nasikia tukifika Duluth kanuni itaendelea. Akina mama wa kanisa, ambao wamekwisha kumfumia kofia, wataacha vyakula mlangoni na kuondoka bila kupiga hodi, utadhani tuna ndui.

Hoja yangu kubwa ni hii: mtoto ananitaka mimi. Akiniona tu hunyoosha mikono. Kwa Kirsten hulia, hupinda mgongo na kukataa chupa, kisha Kirsten huingia bafuni naye akalia, akidhani simsikii. Mtoto amekwisha chagua. Mnamtesa binti yangu bure. Ifuteni kanuni hii kabla hatujapanda ndege.

Unisalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, hasa walio na wajukuu, kama mmewaruhusu kuwakaribia.

Ni mimi, mtiifu kwa shingo upande,

Arlene Lindquist

Nyongeza ya Jumatano: Barua hii ilikuwa bado haijatumwa. Leo asubuhi tulishuka mlangoni, Duván akamwona don Eliécer, mlinzi wa jengo, akamnyooshea mikono. Mikono ileile, kicheko kilekile. Akamnyooshea muuza parachichi, kisha mwanamke aliyekuwa akipita na mbwa wake, hata hatumjui. Kumbe katika makao ya watoto alikotoka, ambako walezi walibadilika kila kukicha, alijifunza kuomba mikono yoyote iliyo karibu. Hakuwa amenichagua mimi. Nililia, sifichi.

Mchana akajaribu kusimama, akateleza, akagonga kidevu sakafuni. Aliyekuwa karibu ni mimi, na kabla sijafikiri nilikwisha kumnyooshea mikono. Akanitazama. Akanipita. Akatambaa sebule nzima huku akilia hadi jikoni, akaung'ang'ania mguu wa Kirsten, na alipobebwa tu akanyamaza.

Sijawahi kukataliwa nikafurahi namna hii. Kanuni msiiguse.