Lojisiele ya Hénock International

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Kampuni moja ya malori ya madini inafungua kiwanja kipya kwenye barabara ya Likasi. Wanahitaji vibao vya hatari, vya kofia ngumu, vya kukataza sigara: DANGER, CASQUE OBLIGATOIRE, INTERDIT DE FUMER. Vibao vingi kabisa. Na hapa Dilala nani anachora vibao kama mi? Hakuna. Gaston anachora, ndiyo, lakini R zake zinachechemea.

Nimepanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka ofisini kwao. Madame Simone, mkubwa wa manunuzi, amesema nilete bei kwa maandishi, faktire proforma safi, mwisho Alhamisi. Nikatoka napiga mluzi.

Nyumbani, mama mukwe wangu, Mama Mushiya, alikuwa ananingoja. Mi nafanyia kazi kwenye barza yake, mbele ya mlango, tangu nilipomuoa Falonne. Amesema rangi inanuka mpaka ndani ya bukari, ugali wenyewe, na barza anaitaka kwa kuuza makala, makaa ya kupikia. Nikipata kontra, mkataba ule wa vibao, nikae. Nikikosa, nibebe bitu byangu niende kwingine. Kwingine wapi? Hakusema.

Kwa hiyo kontra hii ni lazima. Na si kwa biki, kalamu ya mkono! Gaston njo anaandika faktire kwa biki, kwenye bloku ya sokoni yenye karatasi ya kaboni. Mi nitachukua lojisiele ya hesabu, programu inayoandika faktire yenyewe, inajumlisha yenyewe, na juu inaweka jina la nyumba ya biashara. Jina nimelipata leo nikiwa naoga: Hénock International.

Jumanne, 4 Machi

Kuchagua lojisiele ni kazi ngumu, asikudanganye mtu.

Ya kwanza ni ya Kiingereza. Ina picha ya mama mmoja mzungu anacheka mbele ya kompyuta. Mi sijawahi kucheka mbele ya yangu. Iliuliza mwaka wangu wa hesabu unaanza lini, nikaandika siku niliyozaliwa. Ikakataa. Ya pili ni bure kabisa, ila kwanza utoe kadi ya benki. Bure gani hiyo? Ya tatu alinipa binamu yangu Ezéchiel, anayeuza flash disk sokoni. Aliapa ameitumia mwenyewe. Nilipouliza kwa hesabu gani, akasema kwa kuangalia tu.

Ya nne njo yenyewe. Ukiifungua, kuna mstari wa mapato, na mstari ule unapanda! Sijaandika kitu, na tayari unapanda. Hapo nikajua hii inanifahamu.

Falonne aliuliza biki imekosa nini. Nikamwonyesha mstari. Mega zangu zote za intaneti ziliisha kwa kuipakua, na za kwake pia, lakini hilo bado hajalijua.

Jumatano, 5 Machi

Lojisiele inauliza maswali kama afisa wa mpakani. Jina. Kazi. Idadi ya wafanyakazi. Niliandika kumi na wawili, kwa heshima. Nchi. Nikatafuta, nikaona Congo. Bonyeza! Chini yake kulikuwa na Congo nyingine yenye mabano na herufi ndogondogo, lakini mi si mtu wa mabano. Mji na sarafu vikajiweka vyenyewe, mi nikasoma sarafu tu: franc. Akili ya ajabu!

Faktire imetoka nzuri, machozi karibu yanitoke. Nimeituma. Lojisiele ikanipongeza, vikaratasi vya rangi vikaanguka kwenye skrini nzima.

Jioni nikamwona Gaston anapita na moto, faktire yake imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Nilimhurumia kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeitwa! Nikavaa tai ya harusi.

Madame Simone alinipokea kwa Kifaransa cha polepole, kile cha kuongea na wageni. Akauliza safari ilikuwaje. Nikasema nzuri, vumbi tu. Akauliza kama nilivuka mto bila shida. Mto? Nikafikiri ni Lualaba, labda kuna vibao vya kwenda ng'ambo. Nikasema mi siogopi maji. Akauliza huko kwetu mvua ikoje. Nikasema kama hapa hapa. Akashangaa.

Halafu akasema kwa upole kwamba anasikitika, kazi hizi za kuzunguka migodi sheria inazitaka zibaki kwa Wakongomani, si kwa watu wa nje. Watu wa nje! Nikamwambia, sasa kwa Kiswahili, kwamba mi ni mutoto ya Dilala, hata mkunga aliyenizalisha bado yuko hai, aulizwe. Akanigeuzia faktire. Juu imeandikwa Hénock International, Brazzaville. Bei ni kwa faranga za CFA, zile za Kongo nyingine, ng'ambo ya mto Kongo, ambazo ni nzito karibu mara tano kuliko zetu. Kibao kimoja cha INTERDIT DE FUMER kimefika bei ya mbuzi wawili.

Aka! Jasho!

Madame Simone alicheka mpaka akavua miwani. Ana roho nzuri yule mama. Kumbe kazi yangu anaijua, aliona kibao changu cha duka la dawa akakipenda. Amesema anataka mi njo nichore, nilete tu faktire nyingine kesho kabla ya saa sita, hata kwa biki.

Jumamosi, 8 Machi

Hata kwa biki! Hapo njo aliponiumiza. International anaandika kwa biki?

Asubuhi nimefungua lojisiele nibadilishe nchi. Imekataa. Eti nchi haibadilishwi baada ya faktire ya kwanza. Nikawaandikia wenyewe. Wakajibu palepale: asante, mteja wetu mpendwa wa Brazzaville. Nikawaandikia kwa hasira. Wakanitakia siku njema. Nikajaribu kufungua akaunti mpya, ikasema anwani yangu ya barua pepe inajulikana. Nikaanza kutengeneza anwani mpya. Kurani, umeme wenyewe, ikakatika.

Falonne akaweka biki na karatasi mbele yangu. Nikamwambia kurani inarudi. Akasema saa sita inakaribia. Nikamwambia inarudi!

Ilirudi, ndiyo. Nilipofika, ofisi ilikuwa imefungwa. Mlinzi akanipa habari: kontra amechukua Gaston.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Gaston ametoa shukrani mbele ya watu wote. Nilipiga makofi, kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Tuliporudi, magunia ya makala yalikuwa tayari kwenye barza, na makopo yangu ya rangi yamepangwa kando ya ukuta. Mama Mushiya hakunigombeza. Alinipa hata kipande kikubwa cha nyama, na hiyo njo iliniumiza zaidi. Falonne hasemi na mi. Sijui kwa nini, wakati kosa ni la lojisiele.

Jumatano, 12 Machi

Gaston amekuja! Nilifikiri amekuja kunicheka. Hapana. Vibao vimemzidi, anataka nikachore kwake Kasulo. Parsele yake, kiwanja cha nyumba, ina nafasi, ila uangalie unapoweka kiti, maana jirani alichimba madini mpaka chini ya jiko la Gaston.

Nimekubali kuwa mshirika wake. Yeye anasema mfanyakazi. Ni tofauti ya maneno tu.

Falonne alimshika mikono, akamwambia Mungu akubariki, tata, kama anaongea na baba yake. Akalia hata. Nimeona amezidisha kidogo. Kisha akamwomba kitu kwa sauti ya chini. Nilisikia tu neno kompyuta.

Ijumaa, 14 Machi

Vibao vya kwanza vimekauka. Vizuri kabisa! Gaston amekwenda kutafuta gari la kuvibeba, akaniachia ile bloku yake niandike faktire. Na biki! Nilimhurumia tena. Mtu mwenye kontra kama hii anaandika kama muuza samaki!

Nimemwekea lojisiele, kwenye simu yangu, maana kompyuta imebaki nyumbani. Mpya, si ile ya wajinga. Mstari wa hii unapanda zaidi. Na safari hii kwenye nchi sikudanganyika: Congo zote mbili nimeziruka. Nimekwenda moja kwa moja kwenye jina refu, lile la serikali. Skrini ni ndogo, inaonyesha République d na nukta tatu, d ya démocratique bila shaka. Yenyewe! Bonyeza. Mji ukajijaza peke yake: Saint-Domingue. Mi si Mkatoliki, lakini jina la mtakatifu kwenye faktire halidhuru mtu. Sarafu: peso. Lazima ni faranga mpya. Nimeituma kwa Madame Simone kwa jina la Gaston, iwe zawadi yangu kwake.

Simu ya Gaston ameisahau hapa mezani. Inalia. Ni Madame Simone. Mi sipokei simu ya mtu, si adabu. Amepiga tena. Na tena. Amefurahi sana yule mama.