Nondo Aliyepaswa Kuitwa Oketch

Jumanne, 9 Aprili 1985

Shule imefungwa. Nilikuwa nimepanga likizo ya kulala. Badala yake mwalimu mkuu, Bwana Gerishon, akatuma neno kwamba daktari kutoka Nairobi anakuja kutumia maabara yangu kwa mambo ya jeneza. Nikavaa tai nyeusi. Nikafika na uso wa matanga. Kumbe ni jenasi! Jenasi ya nondo! Dokta Nasike, mama mfupi mwenye miwani na gambuti za mvua, akaniuliza ni nani amefariki. Nikasema ni mtu wa mbali.

Jenasi, kwa maelezo yake, ni kama ukoo. Spishi ni kama nyumba ndani ya ukoo. Ukoo huu una nyumba saba zinazojulikana, zote za nondo wadogo kama punje ya mchele. Mmoja ana mstari mweupe bawani, mwingine ana miwili, mwingine vitone vya manjano, basi hivyo hivyo hadi saba. Sisi hapa huwaita wote vipepeo na kuwapiga kwa kiatu. Dokta anaamini kuna wa nane huku kwetu, mwenye doa jekundu kwenye ncha ya bawa. Atakayemleta wa kwanza ndiye atakayechagua jina lake. Litaandikwa kwa Kilatini, litasomwa dunia nzima, na halifutiki hata mwenye jina akifa.

Halifutiki! Nilishika meza.

Wacha niandike sababu, maana hapa hakuna anayesoma. Miaka kumi na moja ya ndoa na nyumba yetu haina mtoto. Jirani yangu Zachariah Mburu, mwenye duka, ni Baba Nyaguthii. Mkewe Wacera ni Mama Nyaguthii. Mimi ni Oketch tu, bila kitu mbele. Mwezi wa Januari kaka yangu mkubwa aliandika kutoka nyumbani Nyanza, akauliza ni nani atakayelibeba jina hili, na kama sijasikia kwamba wanaume wengine huoa tena. Barua hiyo naificha ndani ya shajara hii ili Selpha asiione. Inaniuma kila nikifungua ukurasa.

Sasa nondo ataitwa Oketchi. Kaka atakoma.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimejifunza kazi. Si ngumu. Nondo anakaushwa, anadungwa pini nyembamba kama unywele, na chini yake inakaa lebo, kikaratasi cha ukubwa wa ukucha chenye mistari mitatu. Mahali. Tarehe. Aliyemnasa. Dokta amerudia mara nne kwamba nondo asiye na lebo ni vumbi tu. Hata awe wa ajabu namna gani, hakuna atakayeamini. Nikamhakikishia kwamba mimi na lebo ni ndugu.

Wavu sikuwa nao. Nikakumbuka shela ya harusi ya Selpha, ambayo iko chini ya sanduku tangu 1974. Kitambaa chepesi sana! Nikaikata, nikaishonea kwenye waya wa antena, ukatoka wavu ambao hauna mfano Uasin Gishu nzima. Selpha alipouona ukining'inia mlangoni alisimama kidogo. Nilikuwa na maelezo matatu tayari. Hakuniuliza hata moja. Alisema tu anatumaini utanasa kitu. Afadhali angegomba. Siku nzima sijisikii vizuri.

Habari mbaya zaidi. Mburu naye amejiunga! Ana tochi ya betri tano na anatangaza dukani kwamba nondo wa nane ataitwa Nyaguthii. Mtu ana watoto wanne na bado anataka na mdudu!

Nimemwandikia kaka. Nimemwambia jina limeshapita na karatasi zinachapishwa. Huo si uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo.

Jumamosi, 13 Aprili

Nilimpata! Kumepambazuka tu, yuko ukutani chini ya taa ya geti la shule, amechoka, hata wavu haukuhitajika. Na doa jekundu analo! Au lilikuwa vumbi la matofali. Hatutajua kamwe.

Nilimweka kwenye kisahani mlangoni akauke juani, nikakaa kuandika lebo. Mstari wa kwanza ulinichelewesha. Geti la shule halina heshima, kwa hivyo niliandika Msitu wa Kaptagat, na mkono wangu huwa haukimbii kwenye herufi kubwa. Kuinua macho, jogoo wa Selpha amesimama juu ya kisahani, amenyoosha shingo, anameza.

Nilimfukuza na ufagio kuzunguka mtaa mzima, kupita bombani ambapo kina mama wanachota maji, nikimtukana kwa lugha tatu. Kwenye kona nikakutana uso kwa uso na naibu wa chifu, beji ya chama tawala kifuani, na juu ya beji, jogoo, alama ya chama. Akauliza kwa sauti ya chini huyu jogoo amenikosea nini, na siku hizi zilivyo, mbele ya wananchi. Ufagio ulikuwa bado hewani. Nikasema simfukuzi, mzee. Nafuata nyayo zake, kama redio inavyotuhimiza.

Alifikiri sana. Kisha akasema vizuri, niendelee. Akasimama pale kuhakikisha. Nimemfuata jogoo kwa heshima saa nzima mpaka alipoamua mwenyewe kurudi nyumbani. Nina lebo safi kabisa ambayo haina nondo.

Jumatatu, 15 Aprili

Selpha hushona magunia kwenye stoo ya Mburu, yeye na Wacera. Jioni hii, akinipakulia ugali, ameniuliza mambo mawili. La kwanza, mstari wa tatu wa lebo huandikwa nini. Nikamweleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwamba huandikwa jina la aliyemnasa. La pili, kama Oketch kwa maandishi huishia na h. Miaka kumi na moja! Nikamwambia ndiyo, na nikala kimya ili ajue nimeumia. Akatabasamu. Sikuelewa ni kwa nini.

Halafu akasema neno lililonifanya niache tonge sahanini. Eti stoo ya Mburu imejaa vipepeo vidogo. Vinatoka kwenye magunia ya zamani yaliyokuja na mahindi kutoka kijiji cha Ziwa. Dokta mwenyewe alisema funza wa ukoo huu hula ukungu wa magome na wa magunia! Mburu amekalia jenasi nzima na hata hajui.

Sharti nimzuie kabla hajajua.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda dukani kama jirani mwema. Nikamwambia Mburu kwamba vipepeo vile vitamaliza mahindi yake, na kwamba mtu wa afya akiviona atamfungia duka. Nikajitolea kusaidia. Mburu akanishukuru kweli kweli, akaniita ndugu, akanipa soda. Tukanyunyiza dawa ya unga kila pembe, tukachoma yale magunia ya zamani nyuma ya duka, tukafunga milango. Mburu akasema mimi ni mtu mzuri kuliko ninavyoonekana.

Ile soda sikuimaliza. Lakini jina ni jina.

Jumatano, 17 Aprili

Nimekuja maabara nikamkuta Dokta Nasike anaimba. Amempata wa nane! Mmoja tu, mkamilifu, doa jekundu kama tone la wino, yuko ndani ya kisanduku chenye kioo. Aliletwa jana asubuhi ndani ya kiberiti, kabla ya dawa yangu. Niliinama kwenye kioo. Bawa lilifunika nusu ya lebo, lakini mstari wa kwanza ulisomeka bila miwani. Stoo ya Mburu, Eldoret.

Nikauliza ni nani amemleta, kana kwamba sijui. Dokta akasema ameombwa afunge mdomo mpaka Ijumaa, watu wote wakiwapo. Kisha akanitazama na kucheka. Ananicheka! Mburu amemwambia habari za jogoo, hakuna lingine.

Nyaguthii. Litasomwa dunia nzima. Na kaka ameshapokea barua yangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mungu anisamehe, nilitaka lebo tu. Basi. Asiye na lebo ni vumbi, alisema mwenyewe mara nne.

Saa saba Dokta alikwenda kula. Funguo ni zangu, kazi yangu ni kulinda. Nikafungua kisanduku. Nikashika kile kikaratasi kwa kibanio cha maabara, nikavuta. Pini ikaja nacho. Nikajaribu kumrudisha nondo kwa kidole gumba, polepole, kwa roho safi. Akavunjika. Nasema akavunjika, lakini neno halitoshi. Alikuwa nondo, halafu kidole changu kilikuwa na unga wa kijivu wenye wekundu kidogo.

Nikasikia gambuti kwenye veranda. Lebo bado iko mkononi, imekunjamana. Mfuko wa koti umetoboka. Nikaimeza. Ilishuka vibaya. Dokta akaingia, akanikuta nakohoa, akanipigapiga mgongoni na kuniletea maji. Alinifanyia hivyo kabla hajatazama kisanduku.

Alipotazama hakupiga kelele. Alikaa juu ya stuli. Nikasema labda ni panya. Mama yule akainua kufuli, akauliza, kwa upole kabisa, tangu lini panya hufungua kufuli.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika kwa shida.

Tulikusanyika maabara, Bwana Gerishon, Mburu na Wacera, mimi, na Selpha. Sikujua ni kwa nini Selpha amekuja. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na amesuka nywele. Dokta akasema amesikitika, nondo ameharibika, na leo ilikuwa siku ya kutangaza jina. Akasema hawezi kuandika spishi kwa nondo ambaye hayupo. Tukikimbilia stooni pengine tutapata mwingine. Mburu, maskini, akajibu kwa furaha kwamba stoo ni safi, hakuna hata mmoja, Bwana Oketch mwenyewe alimsaidia kupiga dawa na kuchoma magunia. Akanisifu mbele ya watu wote.

Kisha Dokta akasema mwenye haki ya kujua ni aliyemnasa. Akamwambia Selpha pole.

Selpha! Ni Selpha aliyemwona nondo yule akitoka kwenye mshono wa gunia. Ni Selpha aliyemfunika kwa kiberiti na kumpelekea Dokta, akaandika lebo kwa mkono wake, na alipoulizwa jina, akataja langu. Akaomba iwe siri mpaka Ijumaa ili nifurahi. Nyuma ya ile lebo Dokta alikuwa ameandika jina lililochaguliwa, kwa penseli, ili asilikosee. Liliishia na h, halafu i.

Nimekula jina langu. Sisemi kwa mfano. Nililimeza jana saa saba na robo na maji ya bomba.

Dokta alinitazama mara moja tu, akanyamaza, na nadhani alinyamaza kwa ajili ya Selpha, si kwa ajili yangu. Hapo ndipo niliposema. Nilisema yote, kufuli, kidole, lebo, dawa. Mburu alitoka nje bila kuniaga. Alikuwa ameniita ndugu.

Nyumbani Selpha alipika kama kawaida. Nikamwuliza kwa nini hakulichagua jina lake mwenyewe. Akaenda chumbani, akarudi na barua ya kaka, ambayo nilidhani naificha. Anaijua tangu Januari. Akaiweka mezani, akaisawazisha mikunjo kwa kiganja.

"Nilitaka akome kukuandikia," alisema.

Sikula. Najuta. Najuta shela, najuta soda ya Mburu, najuta nondo ambao pengine walikuwa pale tu duniani kote, kwenye magunia kumi na mawili ambayo niliyachoma mwenyewe. Lakini zaidi najuta ile jioni ya ugali, aliponiuliza juu ya h na kutabasamu, nami nikakaa kimya ili ajue nimeumia.

Jumapili, 28 Aprili

Dokta Nasike amerudi Nairobi. Alinipa mkono lakini hakuniachia anwani.

Barua kutoka kwa kaka! Habari za nondo zimesomwa kanisani. Wazee wamefurahi. Kaka anafika Alhamisi, yeye na wazee wawili, waje wamwone Oketchi kwa macho.

Selpha amesema tuwaambie ukweli. Amesema kaka ni mtu tu, atakasirika na atakunywa chai, na yeye Selpha atakaa kando yangu nikieleza. Nikamwambia ana busara sana, hakika nitafanya hivyo. Aliniamini. Amekwenda kwa Wacera kuniombea msamaha kwa Mburu.

Nimefikiri upya. Wazee wale hawaoni vizuri. Asubuhi nilipata nondo wa kawaida chini ya taa ya geti. Wino mwekundu wa kusahihishia mitihani uko kabatini. Nukta moja tu kwenye ncha ya bawa, kwa njiti ya kiberiti, na amependeza kuliko yule wa kweli! Safari hii ni kwa ajili ya Selpha. Namwondolea aibu.

Nimemweka kwenye kisahani mlangoni, wino ukauke juani, nami naandika lebo. Mahali, Msitu wa Kaptagat. Tarehe, nimerudisha nyuma kidogo. Kwenye mstari wa tatu kalamu ilisimama. Nilitaka kuandika Selpha, kweli nilitaka. Lakini karatasi ni ndogo, na wazee hawatakuja mbali hivyo kusoma jina la mke. Nimeandika langu, L. Oketch, kwa herufi kubwa, taratibu.

Jogoo anapitapita hapa nje, lakini anaonekana ameshiba.