Upungufu wa Wagonjwa Plum Fork

Napenda kuutangazia umma, kwa furaha na unyenyekevu unaolingana na cheo changu, kwamba Chuo cha Madaktari Wasaidizi cha Plum Fork, Nebraska, ndicho chuo cha kwanza katika jimbo letu kuwamaliza wagonjwa wote wa mji wake. Sisemi tuliwaponya. Wala hatukuwaua, kama wanavyodai wenye midomo. Tuliwamaliza kama sukari inavyokwisha dukani: kila aliyepo alikuwa tayari ana mwenyewe.

Mimi ni Leland Pruett, Naibu Mkurugenzi wa Utayari wa Waombaji. Kwetu hapa, anayetaka kusomea kazi hii hapokelewi kwa sababu tu ana shahada na amefaulu kemia. Lazima kwanza awe na saa alizowahudumia wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe: kupima presha, kusafisha vidonda, kumgeuza mtu kitandani. Ni utaratibu mzuri na kila chuo kinao. Lakini mkurugenzi wetu, Dakta Everett Stackhouse, alirudi kutoka mkutano wa wakurugenzi kule Omaha akiwa amenuna, akaniita ofisini.

"Leland, wenzetu wanadai saa nyingi kuliko sisi."

"Ni aibu, mkurugenzi."

"Walinicheka. Mbele ya chakula. Ongeza zetu mara mbili."

"Na wagonjwa watatosha?"

"Wagonjwa ni suala la utekelezaji," akasema. "Mimi natoa dira."

Nikaongeza mara mbili.

Sasa Plum Fork ni mji mdogo wenye hewa safi na watu wakaidi. Mkulima wa hapa mashine ya mahindi ikimnyofoa kidole, huuliza kama anaweza kumaliza shamba kwanza. Theluji ilipoanza kuanguka, waombaji walikuwa wengi kuliko maradhi. Mchungaji wetu alikohoa katikati ya mahubiri, safu nzima ya nyuma ikasimama, kila mtu na kipimo chake cha presha mkononi. Wazee waliokuwa hawatembelewi hata Krismasi wakaanza kuchagua. Huyu mikono yake ya baridi, simtaki. Yule aje, lakini aje na kolache, vile vikate vitamu vya plamu.

Ili kurejesha nidhamu niliunda Kitengo cha Ugawaji wa Wagonjwa, na baada ya kutafakari kwa kina nikajiteua kukiongoza. Kanuni tuliziandika pamoja na mkurugenzi. Mgonjwa akishasajiliwa ni rasilimali ya chuo, na hafutwi mpaka mwanafunzi wetu amchunguze na kuthibitisha kwamba amepona, kwa maana wagonjwa wana tabia ya kujitangazia kupona kiholela. Ni kweli kwamba wanafunzi wetu wote walikuwa mazoezini katika hospitali za miji mikubwa hadi theluji iyeyuke, lakini kanuni haiwezi kusubiri hali ya hewa. Tena, mgonjwa haketi kwenye kamati wala hafanyi uamuzi wowote wa chuo, kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Na kanuni ambayo mkurugenzi aliiandika peke yake, na aliyoipenda kuliko zote: saa za kumhudumia ndugu wa damu au wa ndoa hazihesabiki.

"Kinachofanywa kwa mapenzi hakina viwango," alinieleza.

Hapo ndipo Janelle Hruska alipoanza kutuletea usumbufu.

Janelle alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alifanya kazi za muda katika nyumba ya kulelea wazee, ambako saa hazikufika zile tulizodai, na muda uliobaki wote alimtunza baba yake, mzee Delbert, fundi wa matrekta aliyepata kiharusi kikamwacha na upande mmoja usiofanya kazi na mdomo unaofanya kazi kupita kiasi. Janelle alikuwa ameomba nafasi kwetu mara mbili, na mara mbili tulimpiga chini. Hii ilikuwa ya tatu, na alinitamkia wazi kwamba hakuna ya nne. Asingeweza tena kuishi kwa kubahatisha.

Nilimsomea kanuni ya ndugu.

"Kwa hiyo nikimwogesha baba, sijamwogesha mtu."

"Umemwogesha baba. Ni tofauti kitaalamu."

"Na jirani akimwogesha?"

"Hapo atakuwa amehudumia mgonjwa."

Akashukuru, akaenda. Ng'ambo ya barabara yao aliishi kijana Cody Amundsen, mwombaji pia, aliyekuwa akimtunza bibi yake Verna mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Kesho yake tu nikapata habari kwamba wamebadilishana wazee. Nilikwenda kukagua. Bibi Verna nilimkuta sebuleni kwa kina Hruska, mguu umefungwa bendeji safi, anatazama televisheni ya watu kwa sauti ya juu. Mzee Delbert nilimkuta kwa kina Amundsen, amevaa ndara za marehemu babu yake Cody, amefura.

"Bwana Pruett, mimi nimehamishwa kama kochi," alisema. "Huyu kijana anapika tambi kama anatengeneza gundi."

"Ninajitahidi, mzee," Cody akasema.

"Jitahidi kidogo basi. Hebu nieleze wewe mwenye tai: binti yangu akimaliza hiki chuo chenu atakuwa daktari?"

"Daktari msaidizi, mzee. Atachunguza wagonjwa, atawaandikia dawa, atashona majeraha."

"Na huyo daktari mwenyewe atakuwa anafanya nini?"

Nikamjibu kwamba swali hilo liko nje ya mamlaka ya kitengo changu.

Niliusifu ule mpango. Wazee walikuwa walewale, maradhi yaleyale, barabara ileile, lakini sasa kila saa ilikuwa halali. Nikaandika taarifa ya kuupendekeza kwa mji mzima.

Basi mzee Delbert akagoma kula. Cody alimbembeleza, akamwimbia, mwisho akamtishia. Mzee alifunga mdomo na kugeukia ukutani. Nilipopita siku moja mchana kwa ukaguzi wa kushtukiza, nilichungulia dirishani nikamwona Janelle amepiga magoti kando ya kiti cha baba yake, anamlisha supu ya kuku. Alikuwa anamfuta kidevu kwa kiganja, na yule mzee mjeuri alikuwa analia na kumeza, analia na kumeza.

Nikaingia. Sheria ni sheria.

"Dada Janelle, hapa unafanya nini?"

"Namlisha baba."

"Kwa mapenzi?"

Aliweka kijiko chini.

"Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu."

"Bwana Pruett," alisema, "alikuwa hajala kitu. Sasa wewe niandikie unachotaka."

Nikaandika. Kwa kuwa hakukuwa na namna ya kutenganisha saa zilizochafuliwa na mapenzi na zile safi, nilizifuta zote. Alipopata taarifa hakupiga kelele, hakunitukana. Alimchukua mzee wake kwenye kiti cha magurudumu kwenda kumrudisha nyumbani, nami ikanibidi kumkumbusha kwamba mzee amesajiliwa ng'ambo ya barabara. Akamgeuza. Namwambia msomaji ukweli, sikuupenda mgongo wake alivyokuwa anakisukuma kile kiti kwenye theluji. Lakini mgongo si hoja.

Siku ya usaili ilifika. Waombaji walijipanga uani wakiwa na suti na viatu vya kuazima, meno yanagongana. Dakta Stackhouse alitoka mlangoni kuwakaribisha, akafungua mikono kama mwimbaji wa opera, akasema, "Vijana, huduma ni—" na barafu ya ngazi ikamchukua. Tulisikia mguu ukivunjika.

Sijawahi kuona umati wenye huruma namna ile. Walimwangukia kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mmoja alishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wa tatu akamvua kofia apate pa kugusa.

"Subirini!" nikapaza sauti. "Hajasajiliwa!"

Nikainama karibu naye. "Jina kamili?"

"Leland! Unanijua, mpumbavu wewe!"

"Niandike hivyohivyo?"

"Ita gari la wagonjwa!"

"Nimeshaita, mkurugenzi. Umri?"

Hospitali walimfunga plasta kutoka nyonga hadi kwenye vidole, wakamrudisha nyumbani akapumzike. Kupumzika, hata hivyo, ni istilahi pana. Kama mgonjwa aliyesajiliwa, aligawiwa waombaji kwa zamu. Walimpima joto, wakampima presha, kisha wakarudia, maana kila kipimo kilichukuliwa na aliyekuwa zamu na aliyekuwa anasubiri zamu. Walimgeuza kushoto. Zamu ikibadilika, walimgeuza kulia. Kijana mmoja alimwuliza maumivu yake yana rangi gani. Mwingine alimshika mkono tu na kumwangalia machoni, akahesabu muda.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake ofisini, kwa mujibu wa kanuni, kama kaimu. Kilikuwa kiti cha ngozi kinachozunguka. Nilikizungusha mara chache, kwa ukaguzi.

Aliniita kwake akiwa macho mekundu.

"Leland, nifute. Nimepona."

"Hilo mgonjwa hawezi kujitamkia, mkurugenzi."

"Itisha kamati ibadilishe hiyo kanuni."

"Mwenyekiti wa kamati ni wewe. Na wewe ni mgonjwa."

"Basi teua mwingine!"

"Anayeteua mwenyekiti ni mkurugenzi. Mimi ni kaimu. Nimesoma vizuri, tumebana kila mahali. Ni kazi nzuri sana uliyoifanya."

Mkewe, Bi. Nadine, aliingia na beseni la maji na taulo. Alikuwa amechoka, jikoni kwake kulijaa watu waliokuwa wanakunywa kahawa yake na kumwuliza kama yeye naye hajisikii vizuri. Akaanza kumpangusa mumewe shingo, taratibu, na yule mkurugenzi akafumba macho. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukalegea.

"Huyu ndiye pekee anayeniuguza humu ndani," alisema. "Wengine wote wananichokonoa. Andika saa zake, Leland."

"Ni mkeo, mkurugenzi. Hazihesabiki."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, mkurugenzi."

Bi. Nadine alikamua taulo. Alikamua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Everett," akasema, "uliandika hivyo kweli?"

Dakta Stackhouse alitazama dari. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, kama kaimu ana uwezo wa kupokea mwanafunzi mpya.

"Anao, mkurugenzi."

"Basi pokea mmoja. Leo. Aje anichunguze anifute."

"Yupi?"

"Hata paka! Yeyote!"

"Mimi ninamjua mmoja," alisema Bi. Nadine. "Binti wa Delbert. Alimuuguza mama yangu pale kwa wazee mpaka mwisho." Akaenda kupiga simu mwenyewe.

Janelle alikuja na sare yake ya kazini, theluji kwenye buti. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Umepokelewa chuoni," mkurugenzi alimwambia.

"Kwa saa zipi? Mlizifuta."

"Zimerudi."

"Na za baba?"

"Na za baba!"

"Zote? Hata ile ya supu?"

"Supu, uji, chochote! Leland, andika!"

Nikaandika. Janelle aliegemea fremu ya mlango, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika. Bi. Nadine akamshika kiwiko. Sisi wanaume tulitazama pembeni, kila mmoja upande wake.

"Baba anarudi nyumbani leo?" akaniuliza alipotulia.

"Kitengo changu kinawahusu waombaji, na wewe si mwombaji tena," nilisema. "Kwa hiyo simwoni wa kukukataza."

Mkurugenzi akapiga makofi. "Haya, binti. Nichunguze useme nimepona."

Janelle alinawa mikono. Alifunua blanketi, akagusa vidole vya mguu kimoja kimoja, akauliza kama anahisi, akamwuliza anapata usingizi kiasi gani. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hilo. Akamfunika tena vizuri.

"Hujapona, mkurugenzi."

"Nini?"

"Mguu umevunjika."

"Najua umevunjika!"

"Basi tumekubaliana."

"Wewe! Nimekupa nafasi sasa hivi, mbele ya mashahidi!"

"Na nakushukuru sana, baba. Sasa lala." Akageuka kwangu. "Na hao wote huko jikoni waende makwao. Mgonjwa anahitaji usingizi. Atakayebaki ni mama."

Bi. Nadine alicheka mpaka akakaa kitandani. Mkurugenzi akafungua mdomo kulalamika, akapiga mwayo badala yake.

Nilitekeleza agizo mwenyewe. Niliwatoa waombaji wote, wakaenda kusimama uani kwenye theluji na vipimo vyao, hawana mgonjwa hata mmoja, wananitazama kama mimi ndiye niliyewafilisi. Niliwahutubia kuhusu subira. Baridi ilikuwa kali, na katikati ya sentensi nzuri sana nikapiga chafya.

Vichwa vyote pale uani vikanigeukia.

"Ni vumbi," nikasema.

"Vumbi lipi, mzee, kwenye theluji?" alisema msichana mmoja wa mbele, na tayari alikuwa amenishika kifundo cha mkono. "Tulia, usiogope. Jina lako kamili?"